Je, Wajua? Pensheni Husafiri, Nyongeza Hubaki

Je, wajua kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza hukufuata popote utakapohamia, hata ukijenga kibanda chako Lamu, lakini nyongeza ya kila Aprili haikufuati? Ukihamia Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, kiasi ulichokuwa ukipata ulipohama, au ulichoanza nacho ukistaafu ukiwa huko huko, ndicho utakachopokea hadi siku ya mazishi yako. Wenyewe huiita pensheni iliyoganda.

Tupige hesabu kidogo. Mwenye haki ya pensheni mpya kamili, yaani ya mfumo ulioanza Aprili 2016, aliyestaafu mwezi huo alianza na pauni 155.65 kwa wiki. Kama alibaki Leeds, kufikia mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 alikuwa anapata pauni 230.25. Kama alirudi Nakuru mara tu alipostaafu, bado anapata 155.65 ileile. Tofauti ni pauni 74.60 kila wiki, karibu 3,880 kwa mwaka. Miaka ya kazi ni ileile, makato ni yaleyale. Kilichobadilika ni anwani.

Je, wajua kwamba Afrika nzima ina nchi moja tu iliyo kwenye orodha ya wanaoongezewa? Ni Mauritius. Nje ya Afrika wapo wastaafu wa nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Uturuki, Israel, Ufilipino, Jamaica, Barbados na wengine wachache. Usitafute mantiki ya umaskini au utajiri, wala ya ukoloni. Ni suala la nani aliwahi kutia saini mkataba wa aina gani, na mikataba mingine ni ya zamani sana.

Kioja chenyewe kiko Niagara. Mstaafu wa Kiingereza anayeishi upande wa Marekani wa maporomoko huongezewa kila mwaka. Mwenzake wa ng'ambo ya mto, upande wa Kanada, haongezewi, ingawa wote wawili wanasikia ngurumo ileile ya maji. Kingine ni Visiwa vya Virgin: kwenye vile vya Marekani pensheni hupanda, kwenye vile vya Uingereza yenyewe imeganda. Yaani ukiishi chini ya bendera ya mfalme unapata kidogo kuliko ukiishi chini ya bendera ya waliomfukuza babu yake.

Australia nayo ilikasirika ikavunja mkataba wake wa hifadhi ya jamii na Uingereza mwaka 2001. London haikutikisika. Wastaafu walioganda ni karibu nusu milioni, wengi wao wakiwa Australia, Kanada, New Zealand na Afrika Kusini.

Je, wajua kwamba kesi ya pensheni iliyoganda ilifika hadi Strasbourg? Annette Carson alihamia Afrika Kusini mwaka 1989 na akaendelea kulipa michango kwa hiari yake akiwa huko. Alipofikia kustaafu mwaka 2000, pensheni yake ya msingi ikaganda kwenye pauni 67.50 kwa wiki. Alishindwa katika mahakama za Uingereza, kisha mwaka 2010 akashindwa tena kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, majaji 11 dhidi ya 6. Bibi huyu huyu ni mwandishi wa vitabu vya historia, na alikuwa miongoni mwa kundi lililofanikisha kufukuliwa kwa mifupa ya mfalme Richard wa Tatu chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012. Mfalme aliyepotea miaka mia tano alipatikana, nyongeza ya pensheni haikupatikana.

Je, wajua kwamba chini ya miaka 10 ya michango hupati hata senti? Kwa pensheni hii mpya, 10 ndiyo kiwango cha chini na 35 ndiyo ya malipo kamili. Ukifanya kazi miaka tisa London kisha ukasema "basi, narudi nyumbani", michango hairudishwi. Wauguzi wanaokwenda chini ya makubaliano ya Kenya na Uingereza ya Julai 2021 wangebandika hili ukutani, karibu na kalenda ya zamu.

Sasa hospitali, maana huko ndiko pesa za mzee zinakoishia. Wengi hudhani kwamba aliyekatwa bima ya taifa miaka 30 ana haki ya kutibiwa bure na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, maisha yake yote. La. Haki hiyo haifuati pasipoti wala michango, inafuata makazi. Ukihama moja kwa moja, umeiacha mlangoni. Ukirudi kusalimia wajukuu ukateleza bafuni, kitengo cha dharura kitakuhudumia bure, lakini ukishapandishwa wodini unaweza kuletewa bili ya mara moja na nusu ya gharama ya kawaida. Ukirudi kuishi kabisa, hapo haki inaanza upya siku ileile.

Na je, wajua kwamba malaria hutibiwa bure Uingereza, hata kwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana? Imo kwenye orodha ya magonjwa ya kuambukiza yasiyotozwa, pamoja na kifua kikuu na kipindupindu. Kwa hiyo mzee wa Kilifi anayekwenda kutembea Birmingham ni afadhali augue homa ya mbu kuliko nyonga.

Waliostaafu Hispania au Cyprus wana raha yao. Hupewa fomu iitwayo S1, wakaisajili huko waliko, na bili ya matibabu ikaenda London. Kwa Nairobi au Dar es Salaam hakuna kitu kama hicho. Kenya, tangu Oktoba 2024, mgeni anayeishi nchini zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, kama mwananchi. Lakini kwanza apate kibali: kile cha daraja la K kinataka kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza, hata ile isiyoganda, haikufika pauni 12,000 katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Pwani peke yake haitoshi kuwa sera ya kustaafu.

Kwa walioko Marekani, haraka haraka: hundi ya uzeeni huja hadi Kisumu, ila Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje. Ada ya Sehemu B yake, ile inayolipia madaktari, ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Ukiiacha, halafu ukaitaka tena ukirudi, kwa kawaida utaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyokaa bila, na nyongeza hiyo haiishi.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 Uingereza iliwanyima wastaafu wake walioko Ufaransa posho ya kupasha nyumba joto kwa sababu Ufaransa "ina joto"? Wastani ulihesabiwa pamoja na visiwa vyake vya mbali kama Réunion na Guadeloupe. Mzee wa milima ya Alps, theluji magotini, akaambiwa yuko tropiki.

La mwisho ni la karatasi. Mara kwa mara mstaafu wa ng'ambo hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba bado yu hai. Asipoirudisha, malipo yanaweza kusimamishwa. Shahidi asiwe ndugu. Jirani yangu wa zamani Mombasa aliipata yake kwenye sanduku la posta, bahasha imelowa pembe moja, akaipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mwalimu akaisoma mara mbili, akavua miwani, akamtazama.

"Mzee, hapa wanauliza kama nimekuona kwa macho yangu."

"Si umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi gonga muhuri, mwalimu, kabla hatujaitwa chai."