Askari Aliyeumia Uti wa Mgongo Aweza Kupata Mtoto

Askari anapoumia uti wa mgongo, kwa risasi ama kwa ajali ya gari, jamaa humpa pole kwa miguu yake, kisha hunong'ona nyuma ya mlango kwamba nyumba ile haitapata mtoto tena. Wengine humshauri mke arudi kwao. Maneno hayo huvunja nyumba za watu bure.

Yafaa tufahamu kwanza kilichoharibika. Korodani za mtu huyo kwa kawaida huendelea kutengeneza mbegu. Kilichokatika ni njia ya habari baina ya ubongo na viungo vya uzazi, ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo maana wengi wao hawawezi kutoa manii kwa tendo la ndoa. Tena, majuma machache baada ya kuumia, mbegu hupungukiwa na nguvu ya kuogelea.

Hapo ndipo watu huuliza juu ya kugandisha mbegu. Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba gliserini huzilinda mbegu katika baridi kali, na mwaka 1953 wenzao wa Iowa, Marekani, wakatangaza mimba za kwanza za binadamu zilizotokana na mbegu zilizogandishwa. Leo huhifadhiwa kwa miaka mingi katika naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata hivyo, kugandisha nako huua sehemu ya mbegu. Na kwa kuwa mara nyingi mbegu zaweza kupatikana hata miaka mingi baadaye, hakuna haja ya kumsumbua majeruhi siku za kwanza, uhai wake ungali ukipiganiwa.

Njia ya kwanza ya kuzipata ni chombo kidogo chenye kutikisika, kinachowekwa kwenye kichwa cha uume. Hufaa zaidi kwa aliyeumia juu ya pingili ya kumi ya kifua. Kikishindwa, daktari hutumia umeme kwa njia ya haja kubwa, au huzitoa mbegu korodanini kwa sindano. Mbegu nzuri zikitosha, hutiwa kwa mke katika siku zake za kushika mimba. Zikiwa chache, iko njia iliyotangazwa na madaktari wa Brussels mwaka 1992: mbegu moja tu huchomwa ndani ya yai. Njia hiyo ni ghali, wala haipatikani kila mahali.

Lakini angalieni! Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake asijaribu chombo hicho nyumbani bila kufundishwa. Shinikizo la damu laweza kupanda ghafla, kichwa kikamwanga, jasho likamtoka usoni, hata mshipa ukapasuka ubongoni. Jaribio la kwanza lifanyike mbele ya daktari.

Nanyi akina mama, msaidieni mume kuutunza mkojo wake, kwani maambukizo ya mara kwa mara huziharibu mbegu. Nendeni kwa daktari pamoja, nawe mke upimwe vilevile. Msimwonee haya, wala msingoje mpaka jamaa wamekwisha kuwahukumu. Aliyeumia miguu hakuacha kuwa mume, na kwa wengi mlango wa kuwa baba ungali wazi.