KWA NINI MZIGO MZITO HAUKOKOTEKI?



Gunia la mahindi la kilo 100 ukilivuta sakafuni peke yako, haliendi. Nusu gunia linakwenda. Kwa nini? Utajibu, "Kwa sababu lile ni zito." Kweli. Lakini uzito huo unafanya nini pale chini?

Sakafu hata ikiwa laini ina vinundu na vishimo vidogo sana. Gunia nalo lina vyake. Vikikutana vinashikana, vinazuia mwendo. Kuzuiana huko kunaitwa msuguano. Mzigo mzito unagandamiza zaidi, basi vinashikana zaidi. Uzito ukiwa mara mbili, msuguano nao unakuwa karibu mara mbili.

Hebu tujaribu. Tafuta matofali mawili ya kuchoma yaliyo sawa, kamba, na ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli. Funga tofali moja kwa kamba. Kwenye kamba funga ule ukanda. Shika ukanda, uvute tofali polepole juu ya ubao. Angalia ukanda umerefuka kiasi gani. Sasa weka tofali la pili juu ya la kwanza. Vuta tena. Je, umeona? Ukanda umerefuka zaidi.

Ondoa tofali la pili. Lile la kwanza lisimamishe kwa ubavu, uvute. Ukanda utarefuka karibu kama mara ya kwanza. Maana yake, upana wa kitako haubadilishi sana. Uzito ndio unaohesabika. Jambo hili Mfaransa mmoja, Guillaume Amontons, alilieleza mwaka 1699.

Basi tufanyeje? Usihangaike kuligeuzageuza gunia. Ligawe. Utakwenda safari mbili, lakini mgongo wako utapona.

Tuwafikirie na ng'ombe. Wengine huwafunga gogo lenye panda, juu yake wakapakia kuni au mapipa ya maji. Gogo linasugua ardhi njia nzima. Ng'ombe wanachoka, na ardhi inachimbika. Mvua ikinyesha, maji yanafuata mfereji ule. Mwisho ni korongo.

Mkokoteni wa magurudumu ni bora, kwa sababu gurudumu linabingirika, halikwaruzi. Msuguano unabaki kwenye ekseli. Pale tia grisi, na usipakie kupita kiasi.

Ng'ombe hasemi, ndugu, lakini uzito anausikia.