Je, Wajua? Toleo la Zamani Laweza Kuwa Salama Zaidi

Je, wajua kwamba msimbo wa hila uliofichuliwa Machi 2024 ndani ya xz, programu huria ya kubana faili, ulikuwa umeshaingia katika matoleo ya majaribio ya mfumo endeshi wa Debian, ilhali toleo thabiti lilisalimika? Wapo wanaodai toleo thabiti limepitwa na wakati. Wanasahau kwamba Debian huziba mianya ya usalama ndani ya toleo lile lile, bila kuvuruga mengine. Ni kweli, kompyuta mpya kabisa huenda ikahitaji programu mpya. Tena mhandisi wa programu Andres Freund aliigundua hila hiyo akitumia toleo la majaribio. Basi wanaojaribu wana kazi yao muhimu. Ila seva ya hospitali isigeuzwe uwanja wa majaribio.