Je, Wajua? Mambo ya Chupi ya Nepi

Ile chupi isiyopitisha maji, inayovaliwa juu ya nepi ya kitambaa, waiona kitu kidogo? Sogea hapa.

Je, wajua babu wa hizi za leo ni pazia la bafuni? Mwaka 1946, huko Connecticut, Marekani, mama aitwaye Marion Donovan alichoka kubadili mashuka yaliyolowa kila siku. Akalikata pazia, akakaa kwenye cherehani, chupi ikatoka!

Wenye viwanda waliikataa. Mwaka 1949 ikaingia duka la Saks Fifth Avenue, New York, na mwaka 1951 Donovan akauza haki zake kwa dola milioni 1. Haya, pazia lako umeshalitazama vizuri?

Donovan aliziacha pini za usalama, akaweka vifungo vya kubonyeza. Na pini yenyewe ina kisa: Walter Hunt aliyeisajili mwaka 1849 aliuza haki zake zote kwa dola 400 tu. Ukichomwa kidole tena, mkumbuke!

Na parachuti je? Kule Uingereza, miaka hiyohiyo ya 1940, Valerie Hunter Gordon alishona chupi za watoto wake kwa nailoni ya parachuti za jeshi. Nguo ya kumshusha askari angani ikaishia makalioni mwa kichanga!

Wapo wanaomvalisha mtoto chupi ya sufu. Usicheke! Sufu hunyonya unyevu wa takriban asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Na mafuta ya kondoo yanayoifanya isivujishe ndiyo yaleyale ambayo mama anayenyonyesha hujipaka chuchu zikichubuka.

Kabla ya hayo yote, watu wa asili wa Amerika Kaskazini waliwawekea watoto kuvumwani mkavu. Aina moja hubeba maji hadi mara 20 ya uzito wake. Nepi ya bure, yaota yenyewe!

Sasa hesabu mfuko wako. Nepi 24 zaweza kwenda na chupi 6 tu! Chupi ikipata mkojo peke yake, ifute, iache ikauke, uirudie. Ikipata choo ndiyo ifuliwe. Kwa hiyo kwenye chupi nunua chache, ila nzuri.

Wajua kinachovujisha mara nyingi si chupi? Ni ncha ya nepi iliyochungulia pajani! Upana wa kidole tu watosha: mkojo hupanda na kitambaa hadi kwenye gauni lako la sherehe. Zungusha kidole mapajani, nepi yote irudi ndani.

Kiunoni, pitisha vidole viwili. Vikikataa kupita, inabana. Vikipita vinne, jiandae kufua! Na mwenye kitovu kibichi, kunja ukingo wa mbele ukae chini ya kitovu.

Ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia? Huacha utando kwenye nyuzi, nepi ikagoma kunyonya. Unalalamikia chupi bure, kumbe mkosaji yumo ndani ya beseni!

Na bibi anaposema nepi ipigwe pasi, mtii. Kuna nzi wa embe, hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai. Lakini chupi ya plastiki usiiguse na pasi, itayeyuka! Hiyo ianike ndani.

La mwisho, lishike: mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipiga hesabu ya nepi za kufua. Ukijaza mashine, ukaanika kwenye kamba na kumrithisha mtoto wa pili, unapunguza hewa chafu kwa asilimia 40, takriban kilo 200! Jua unalo, kamba unayo. Bado mtoto wa pili tu, au vipi?