Kifuko cha Koo: Kovu Si Kipimo

Mwenye kifuko cha koo, mara nyingi mzee aliyevuka miaka 60, humeza tonge likapotelea njiani. Saa kadhaa baadaye chembe zile zile humrudia mdomoni, hazijafika tumboni, au asubuhi zikakutwa kwenye mto. Chanzo ni msuli unaofunga mlango wa umio: haulegei inavyopasa, na kila anapomeza, shinikizo husukuma utando wa koo utokeze nyuma, mahali penye udhaifu juu kidogo ya msuli huo. Kifuko, basi, ni matokeo. Ndiyo maana naona wagonjwa wengi huanza na swali lisilo lenyewe: kupasuliwa shingoni au kupitia mdomoni? La kwanza liwe kama msuli utakatwa wote.

Njia ya mdomoni si ngeni. Mosher wa Boston aliijaribu mwaka 1917, akaiacha baada ya mgonjwa kufariki kwa maambukizi ya kifua. Ilishika kasi tangu 1993, ilipoletwa stepla inayokata ukuta kati ya kifuko na umio huku ikibana kingo. Faida zake ni za kweli: shingo haiguswi, operesheni ni fupi, mgonjwa huanza kula mapema, na neva ya sauti, ambayo kisu cha shingoni kinaweza kuijeruhi, haikaribiwi sana. Lakini ncha ya stepla haikati mpaka mwisho. Kifuko kikiwa kifupi, chini ya sentimita 3 hivi, sehemu ya msuli hubaki, na kumeza kwa shida hurudi. Tena bomba gumu linalopitisha stepla hiyo linadai mdomo upanuke na shingo ipinde nyuma. Meno ya juu yaliyochomoza yanatosha kulizuia.

Wapo wanaosema tatizo likirudi, mdomoni kunaingilika tena. Kwa mzee wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu, nakubali. Kwa mwenye miaka 60 na kifuko kifupi, sikubali upesi. Wengine hutaja takwimu: waliopasuliwa shingoni hupata madhara zaidi. Ni kweli, ila mara nyingi hao ndio walioshindikana mdomoni, kwa hiyo hatulinganishi wagonjwa wa aina moja. Endoskopi laini, yaani bomba linalopinda lisilodai shingo ipinde, imepunguza kikwazo cha bomba gumu. Hata hivyo hukata bila pini za kubana, na kina cha mkato hubaki mikononi mwa daktari.