Kurudi Majini Baada ya Kuvunjika Mtulinga

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda mbio nikajikwaa, basi nisikilizeni.

Shule yetu ni ya kutwa na haina bwawa. Sisi wachache wa Jericho tunaopenda kuogelea hudunduiza pesa za nauli, Jumamosi tukalipia bwawa la jirani. Ndoto yetu ni kuogelea siku moja Kasarani, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987.

Mwaka jana, tukicheza mpira, nilianguka nikatua kwa bega. Mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani hadi begani, ukavunjika. Daktari alinifunga kombeo, akasema nikae wiki sita. Shangazi alitaka nikandwe kwa mafuta. Mama alikataa katakata, kwa sababu mfupa uliovunjika ukikandwa, vipande huweza kuachana.

Wiki ya nne maumivu yaliisha. Ah, nikadhani nimepona! Mashindano yalikuwa karibu, kwa hivyo nilivua kombeo kisirisiri nikajitosa. Sikufika mbali. Mkono ulikataa kuinuka, nikaanza kunywa maji. Rafiki yangu ndiye aliyenivuta hadi ukingoni.

Niliporudi hospitalini daktari hakunigombeza, alinieleza tu. Mfupa unapounga, mwili huweka kwanza kiungio laini, ambacho hugeuka kuwa mfupa polepole. Ndiyo sababu nilikuwa na nundu pale palipovunjika. Maumivu huweza kwisha kabla mfupa haujawa imara. Tena misuli isiyotumika hunywea, na bega lisilosogezwa hukaza. Kumbe nilikuwa nangoja mambo matatu, si moja!

Baada ya kupewa ruhusa, nilirudi hatua kwa hatua. Kwanza nyumbani: niliinama nikauacha mkono ubembee, kisha nikapandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Pili, kwenye maji mafupi, nilipiga mateke tu nikiwa nimeshika ubao. Tatu, mtindo wa chura, ambao hauzungushi mikono juu ya kichwa. Nne, mtindo huru. Kipepeo, mtindo uliomfikisha Mkenya Jason Dunford fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008 akamaliza wa tano, niliuacha mwisho, maana huyachosha sana mabega yote mawili. Misuli ikichoka, hiyo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali, toka majini. Na usiingie peke yako hata siku moja.

Mashindano yale yalinipita. Nilikaa ukingoni nikishika nguo za wenzangu, na machozi yalinilenga, sitaficha. Lakini mwaka huu nimerudi kikosini, na nundu yangu ningali nayo.

Wenzangu, mkiumia msione haya kungoja. Shindano likikupita, jingine litakuja. Uhai hauna marudio.