Mnyapara: Neno, Cheo na Ngazi za Madaraka katika Misimu ya Gerezani

1. Utangulizi

Katika taaluma ya isimujamii, gereza ni mahali pa pekee pa kuchunguzia uhusiano wa lugha na madaraka. Watu waliotengwa na jamii hukaa pamoja kwa muda mrefu, hula chakula cha aina moja, huvaa sare moja na hutambuliwa kwa namba. Hata hivyo, usawa huo wa nje hauondoi ngazi za ndani. Yupo anayeamuru na yupo anayetii. Yupo anayechagua pa kulala na yupo anayepangiwa. Ngazi hizo haziandikwi ukutani. Zinakaa katika maneno.

M. A. K. Halliday, katika makala yake ya mwaka 1976, alizieleza lugha za makundi ya aina hii kuwa ni lugha pinzani. Alitumia mifano ya wazururaji wa Uingereza ya karne ya 16, wahalifu wa Kolkata nchini India, na wafungwa wa Poland. Alionyesha kuwa kundi huunda maneno mengi zaidi pale palipo na jambo linaloligusa zaidi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kundi linajali nini, ayafuate maneno yake.

Mhadhara huu unafuata neno moja, nalo ni mnyapara, yaani mfungwa aliyepewa usimamizi wa wafungwa wenzake. Eneo linalozingatiwa ni Nyanda za Juu Kusini, hususan Mbeya na Iringa, yaliko magereza ya Ruanda na Songwe kwa upande wa Mbeya, na Isupilo na Mgagao kwa upande wa Iringa. Hoja kuu ni kwamba neno hili halikuzaliwa gerezani. Lilianza katika msafara, likapita barabarani na shambani, ndipo likaingia gerezani. Na katika safari hiyo maana yake iligeuka. Mtu aliyewasemea wenzake mbele ya mkubwa akawa mtu anayemsemea mkubwa mbele ya wenzake.

2. Tabaka za maneno ya kifungo

Kabla ya kulifikia neno lenyewe, yafaa kutazama maneno yanayolizunguka, kwa kuwa msamiati wa kifungo katika Kiswahili una tabaka kama udongo wa kisima. Neno gereza huhusishwa na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Katika Kiswahili lilichukua maana ya ngome, kisha ya mahali pa kufungia watu. Na Ngome ya Yesu huko Mombasa ilitumika kweli kama gereza la serikali kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mahabusu ni neno la Kiarabu, na katika matumizi ya leo lina maana mbili: mtu aliyeshikiliwa kabla ya hukumu, na mahali anaposhikiliwa. Jela, rumande na selo yametoka katika Kiingereza.

Vyeo vya maofisa navyo vina asili mchanganyiko: Kamishna, Sajini, Koplo na Wada vimetoka Ulaya, na Mrakibu limetoka katika Kiarabu. Chini ya vyeo hivyo hali ni tofauti. Mfungwa ni neno la Kibantu lililoundwa kutokana na kitenzi funga, na kiambishi -w- cha kutendwa kinaeleza kila kitu: huyu ni mtu aliyetendwa, si mtenda.

Katika misimu ya mitaani yapo pia maneno kama karandinga, yaani gari la kubebea wafungwa na mahabusu, na lupango, yaani jela. Neno lupango linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili sanifu hakina kiambishi ngeli lu-. Mahali pake kina u-, kama katika ulimi na ukuta. Lakini kiambishi hicho kingali hai katika Kihehe, Kibena na Kinyakyusa, na silabi hiyo inasikika katika majina mengi ya mahali ya nyanda hizi, kama vile Lugalo, Ludewa na Lupembe. Lugha nyingine za bara zinazo sura kama hiyo: katika Kilingala, lopango ni kiwanja au ua uliozungushiwa. Umbo la neno, basi, linashuhudia kwamba halikutoka pwani. Neno la serikali kwa jengo lile ni la ngome ya mgeni. Neno la mtaani ni la ua wa bara.

Misimu haikai na majonzi tu. Timu ya mpira wa miguu ya Tanzania Prisons, yenye maskani yake Mbeya, hushangiliwa kwa jina la Wajelajela. Kiambishi wa- na uradidi wa neno jela vimeligeuza jina la kutisha kuwa jina la utani, nalo hutamkwa kwa shangwe na watu ambao wasingependa kamwe kuingia mahali linapopataja.

3. Safari ya neno mnyapara

Katika misafara ya karne ya 19 baina ya pwani na Tabora, wapagazi walikuwa na viongozi wa namna mbili. Kirangozi alitangulia mbele na kuongoza njia. Mnyampara alisimamia kundi la wapagazi. Neno hili la pili ni la Kinyamwezi, na huko kwao lilimtaja mtu mzima mwenye heshima, mzee wa shauri katika himaya ya mtemi. Katika msafara, heshima hiyo ilihamia kwa mtu aliyejua mambo ya wapagazi wake, aliyesimamia posho yao na kufikisha malalamiko yao kwa mwenye mali. Alikuwa na amri, lakini amri yake ilitegemea kukubalika kwake na wale aliowaongoza. Wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira, na waliweza kuutoroka msafara usiowatendea haki.

Utawala wa Wajerumani ulilikuta neno hili likiwa tayari kazini. Katika Iringa, vita baina ya Wajerumani na Mkwawa vilianza Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumalizika kwa kifo cha Mkwawa tarehe 19 Julai 1898. Baada ya hapo ilifuata kazi ya boma, barabara na mashamba. Hicho ndicho kipindi kilichoacha katika kumbukumbu ya lugha maneno mnyororo, kiboko na hamsa ishirini, yaani viboko 25 vya adhabu. Wafungwa walifungwa shingoni kwa mnyororo mmoja na kupelekwa kazini kwa safu. Aliyesimamia kikosi cha kazi, barabarani au shambani, aliitwa mnyapara. Jina lilikuwa lile lile, lakini aliyelitoa alibadilika: sasa cheo kilitoka juu.

Wakati wa utawala wa Waingereza neno lilikomaa katika mashamba ya mkonge. Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini, wakiwamo Wabena, Wahehe na Wakinga, walikwenda kufanya kazi huko kama manamba, jina lililotokana na namba ya mfanyakazi. Shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, lilianzishwa mwaka 1944. Katika shamba la mkonge mnyapara ndiye aliyegawa kazi ya siku na kuikagua. Mtu aliyerudi Njombe au Mufindi baada ya mkataba alirudi na neno hilo kinywani, pamoja na chuki iliyoambatana nalo.

Idara ya Magereza ilitenganishwa na Polisi mwaka 1931. Magereza ya Nyanda za Juu Kusini yalihusishwa sana na kilimo, na hapa ndipo njia mbili zinapokutana. Kikosi cha wafungwa shambani hakikuwa tofauti sana, kwa sura, na kikosi cha manamba: watu wenye namba, kazi ya kupimiwa, na mtu mmoja kati yao anayesimama huku wengine wameinama. Halikuhitajika neno jipya.

Kifonolojia, mnyampara alipoteza sauti ya ghuna ya puani iliyo katikati na kuwa mnyapara. Kimofolojia, wasemaji wengi wameliondolea pia kiambishi m- na kusema nyapara, kwa wingi manyapara. Badiliko hili si la bahati. Nomino za vyeo katika Kiswahili hupenda wingi wa ma-: majumbe, maakida, mabwana. Neno lilipoacha jozi ya m- na wa- na kuingia kundi hili, sarufi ilikuwa inathibitisha kile ambacho maisha yalikwisha kuthibitisha: anayetajwa ni cheo zaidi kuliko mtu.

Mambo mawili ya eneo hili yanatia nguvu hoja hiyo. Kwanza, lugha za wenyeji zilikuwa na majina yao ya uongozi. Wahehe walikuwa na vanzagila, wasaidizi wa Mkwawa waliowekwa kutawala sehemu za nchi. Wanyakyusa walikuwa na malafyale, mtawala, na amafumu, wakuu wasio wa ukoo wa utawala. Hakuna hata moja kati ya majina haya lililogeuka kuwa jina la msimamizi wa wafungwa. Pili, ng'ambo ya mpaka, katika Malawi na Zambia, msimamizi wa vibarua aliitwa kapitao, neno lililotokana na Kireno. Kazi ni ile ile, lakini neno limefuata njia ya biashara na ajira ya upande ule. Maneno ya ngazi za gerezani, kwa hiyo, husafiri kwa njia zile zile zinazosafirisha kazi.

4. Kulinganisha na Urusi

Mfano wa Urusi unasaidia kuonyesha nini hapa ni cha kawaida na nini ni cha pekee. Misimu ya wahalifu wa Kirusi huitwa fenya, jina linalohusishwa na ofeni, wachuuzi waliozunguka vijijini wakiwa na lugha yao ya siri ya biashara. Mtaalamu wa lugha Dmitri Likhachev, aliyefungwa katika kambi ya Solovki kuanzia mwaka 1928, alichapisha uchunguzi wake juu ya lugha ya wezi mwaka 1935. Inavutia kuona kwamba huko na huku msamiati wa kifungo unarudi nyuma hadi kwa watu wa njiani: mchuuzi wa Kirusi na mpagazi wa Kinyamwezi.

Kufanana kunaishia hapo. Katika ngazi za jadi za magereza ya Urusi, juu kabisa yuko vor v zakone, yaani mwizi anayeishi kwa kanuni. Neno vor, ambalo katika Kirusi cha kale lilimtaja mhalifu na msaliti, limekuwa jina la heshima. Kanuni yake ya jadi ilimkataza kuifanyia serikali kazi yoyote. Chini yake wako muzhik, neno la kumtaja mkulima, nao ni wafungwa wa kawaida wanaofanya kazi na kumaliza kifungo chao. Wanafuata kozyol, yaani mbuzi dume, wale waliokubali wadhifa kutoka kwa uongozi wa gereza. Chini kabisa wako petukh, yaani jogoo, waliodhalilishwa na kutengwa, ambao hata chombo chao cha chakula hakiguswi na wengine.

Msomaji wa Kiswahili atashangazwa na jogoo huyo. Katika utamaduni wetu jogoo ni ishara ya uongozi na kuamsha watu, na chama cha KANU nchini Kenya kilimfanya alama yake. Mnyama ni mmoja, lakini huku yuko juu na kule yuko chini. Hili linakumbusha kwamba taswira haina cheo cha kuzaliwa nacho. Jamii ndiyo inayoipa.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa mnyapara. Akiwekwa katika ngazi za Kirusi, angeangukia kundi la kozyol, kwa kuwa amepokea wadhifa kutoka kwa askari. Katika Kiswahili yeye ndiye mwenye cheo. Sababu ni kwamba ngazi za Kirusi ziliundwa na wahalifu dhidi ya dola, na dola imezipiga vita kwa sheria. Mwaka 2019 kushika nafasi ya juu katika ngazi hizo kulifanywa kuwa kosa la jinai lenyewe. Ngazi anayosimama mnyapara haikuundwa dhidi ya dola. Iliundwa na dola, kwa mfano wa shamba na msafara.

5. Kinachofichwa na neno

Suala hili si la kamusi peke yake. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zijulikanazo kama Kanuni za Mandela. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa kutumiwa katika kazi yoyote ya kutoa nidhamu kwa wafungwa wenzake, ingawa inaruhusu wafungwa kupewa dhamana, chini ya usimamizi, katika shughuli kama elimu, michezo na mambo ya kijamii. Mpaka uliowekwa hapo ni mwembamba, na mnyapara amesimama juu yake. Akigawa madaftari ya kisomo yuko upande mmoja. Akiamua nani apigwe au nani alale wapi, amevuka.

Neno lenyewe halisemi amesimama upande gani. Wala kulibadili na kumwita kiongozi wa wafungwa hakusemi. Kinachotakiwa kuulizwa ni mambo matatu: nani alimweka, ana uwezo gani juu ya mwili na chakula cha mwenzake, na mwenzake aende wapi akionewa. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, maswali haya yamepata uzito mpya. Shahidi akisema kwamba aliamriwa na nyapara, neno hilo linaingia katika kumbukumbu za mahakama bila kupitia tafsiri. Ikiwa hakimu ataelewa msimamizi tu, na shahidi alimaanisha mtu asiyeweza kukataliwa, haki inaweza kupotea katikati ya wasemaji wawili wa lugha moja.

Wananchi wa kawaida wamekwisha kulipa neno hili hukumu yao. Katika mazungumzo ya kazini na nyumbani, unyapara ni tabia ya kuamrisha wenzako kwa mabavu uliyoazimwa. Kiambishi u- cha dhana kimelitoa neno gerezani na kulileta ofisini na shuleni, nalo humkera kila anayeambiwa analo.

6. Hitimisho

Imeelezwa kwamba msamiati wa kifungo katika Kiswahili una tabaka zinazolingana na historia ya madaraka yenyewe. Kwamba neno mnyapara lilitoka kwa mzee wa shauri, likapita kwa kiongozi wa wapagazi na msimamizi wa manamba, hadi kwa mfungwa anayesimamia wafungwa. Na kwamba, kinyume na misimu ya Kirusi, cheo hiki hakikuzaliwa na uasi bali na utaratibu wa kazi.

Yapo ya kufanywa. Watunga kamusi waiandike historia ya neno hili kwa mpangilio wa maana zake, badala ya kutoa maana ya mwisho peke yake. Wanafunzi wa isimu katika vyuo vya Mbeya na Iringa wawasikilize wazee waliofanya kazi mkongeni wangali hai, kwa kuwa wao ndio kiungo baina ya shamba na gereza. Nao wanaowafundisha maaskari na mahakimu wawaeleze kwamba neno hili lina pande mbili, ule wa kuwasemea watu na ule wa kuwaamrisha, na kwamba mfungwa anayelitaja mbele yao huenda anaujua upande mmoja tu.